Shilingi Iliyoanguka Njiani: Je, Iokotwe?

Shilingi moja ikilala katika vumbi la njia, watu wawili wakaipita, mara nyingi hawatendi jambo moja. Wa kwanza huinama, akaifuta kwa kidole na kuitia mfukoni bila kufikiri. Wa pili huitazama kwa pembe ya jicho akaendelea na safari yake, ama kwa haya ya kuonekana akiokota, ama kwa hofu kwamba fedha ile imetegwa, ama kwa kuona tu kwamba si yake. Kila mmoja ana sababu zake, na kila mmoja aweza kukosea. Kwani yule wa kwanza, akiifuata desturi yake ile mbele ya mkoba uliojaa noti, huenda akajikuta kizimbani. Na yule wa pili, kwa kuogopa kila kitu kilichoanguka, huiacha mali ya jirani ipotee hali angeweza kumrudishia.

Jambo hili laonekana dogo, wala halijadiliwi barazani kama bei ya mahindi au karo ya shule. Lakini hakuna soko, stesheni ya mabasi wala njia ya kisimani isiyoangukwa na fedha, na wako watu waliofikishwa polisi kwa kitu walichokiokota bila nia ya kuiba. Basi yafaa jambo lenyewe lielezwe.

Je, shilingi yastahili kuinamiwa?

Wako wasemao kwamba shilingi ya siku hizi haimfai mtu kukunja mgongo. Si ajabu wakasema hivyo, maana fedha imepungua nguvu sana. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumika mwaka 1921 iligawanywa katika senti 100, na senti moja yenyewe ilikuwa na kazi sokoni. Sarafu za senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati, na watu walizitunga katika uzi zisipotee, jambo linaloonyesha kwamba hata ndururu, yaani senti tano, ilihesabiwa kuwa mali ya kulindwa. Kenya ilipotoa fedha zake yenyewe mwaka 1966 matundu hayo yaliondoka, na miaka ilivyopita senti nazo zikazidi kuadimika mikononi mwa watu. Sarafu mpya zilizotolewa mwezi wa Desemba 2018 huanzia shilingi 1, yenye picha ya twiga, kisha shilingi 5 yenye kifaru, 10 yenye simba na 20 yenye ndovu.

Walakini hesabu fupi yaonyesha kwamba wenye kuidharau shilingi hawakuipima sawasawa. Kuinama, kuokota na kuinuka huchukua kama sekunde 5. Katika saa moja mna vipindi 720 vya sekunde 5, kwa hiyo mwenye kuokota shilingi moja hulipwa, kwa muda ule mfupi, kiasi cha shilingi 720 kwa saa. Tuseme kibarua fulani hupata shilingi 600 kwa siku ya kazi ya saa 8. Saa moja humletea shilingi 75, na sekunde 5 humletea kama senti 10 tu. Basi mgongo wake, unapoinamia shilingi iliyoanguka, humpa mara kumi ya lile jembe. Hata mwenye mshahara wa shilingi 126,000 kwa mwezi, kwa siku 22 za kazi, bado hajapita kiasi hicho. Hesabu hii ina kasoro moja tu, nayo ni kwamba hakuna njia yenye shilingi 720 zilizopangwa kwa safu.

Nchi nyingine zimefika mahali ambapo sarafu ndogo haimfai hata anayeitengeneza. Huko Marekani peni moja, yaani senti moja ya dola, iligharimu karibu senti 3.7 kuitengeneza katika mwaka wa hesabu wa 2024, na tarehe 12 Novemba 2025 sarafu za mwisho za namna hiyo kwa matumizi ya kawaida zilipigwa chapa katika mji wa Philadelphia. Kanada iliacha kutengeneza peni yake mwaka 2012. Watu wa huko walikuwa wamezoea kuzikanyaga zikiwa chini, wala hakuna aliyegeuka kuzitazama.

Neno moja la tahadhari lafaa kutajwa hapa. Shilingi iliyo katikati ya barabara ya magari ni ghali kuliko zote, na mtoto hana budi kufundishwa kuiacha. Tena sarafu iliyotoka matopeni yafaa ioshwe, wala isiachwe karibu na mtoto mchanga, ambaye hutia kila kitu kinywani.

Sheria yasemaje?

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1930, yaeleza maana ya wizi katika kifungu cha 268. Ndani ya kifungu hicho mna maneno machache yahusuyo kitu kilichopotea. Maana yake ni hii: mtu aliyeokota kitu kilichopotezwa na mwenyewe, akakifanya chake, hahesabiwi kuwa amekichukua kwa hila ikiwa, wakati ule wa kukichukua, hakumjua mwenye kitu, na tena aliamini kwa sababu za maana kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Sharti yote mawili yawepo. Kutomjua mwenyewe peke yake hakutoshi, maana watu wengi hawamjui mwenye mkoba ilhali kitambulisho chake kimo ndani ya mkoba huo.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba sheria hupima ukubwa wa fedha, kwamba shilingi tano ni halali na elfu tano ni haramu. Sivyo. Sheria huuliza kama mwenyewe anaweza kupatikana. Shilingi iliyo peke yake katika njia kuu haina jina wala alama, na waliopita hapo tangu asubuhi huenda ni watu elfu moja. Nani atauliza na kujibiwa? Mwenye kuiokota hana lawama. Lakini mama mmoja akifungua leso yake mbele ya duka, shilingi ikamdondoka, na kijana aliye nyuma yake akaiona ikianguka, basi kijana huyo amjua mwenye mali. Akiikanyaga kwa kiatu mpaka mama aondoke, kisha akaiokota, ameiba, ingawa ni shilingi moja tu. Adhabu ya kawaida ya wizi, pasipokuwa na adhabu nyingine iliyotajwa, yaweza kufika kifungo cha miaka 3. Hakuna hakimu mwenye busara atakayemfunga mtu miaka 3 kwa shilingi moja, lakini jina la mwizi ni moja kwa wote.

Upande wa pili, noti nyingi zilizoviringishwa pamoja huwa na njia ya kumrudia mwenyewe. Huenda zimefungwa ndani ya risiti ya duka, au karatasi ya hospitali, au ziko mlangoni mwa benki ambako karani aweza kukumbuka aliyetoka muda mfupi uliopita. Mtu ambaye ametoa karo ya mwanawe asubuhi hatakaa nyumbani. Atarudi akiifuata njia aliyoipita, macho chini, akiuliza kila mtu. Mwenye kuokota hawezi kusema mbele ya mahakama kwamba aliamini mtu huyo hapatikani. Impasayo ni kwenda kwa chifu au kituo cha polisi, kitu kikaandikwa katika daftari la matukio, lile ambalo watu huliita OB, pamoja na siku, mahali na hesabu ya fedha. Tena na apewe nambari ya maandiko hayo aiweke. Nambari hiyo ndiyo ngao yake siku mtu atakapodai kwamba fedha zilikuwa zaidi.

Sheria za Tanzania na Uganda zilitoka katika shina moja na ya Kenya, na juu ya jambo hili zasema karibu maneno yale yale.

Mtoto mfagia dohani

Swali la pili hutokea baada ya hilo la wizi. Kama mwenyewe hakuonekana kabisa, kitu ni cha nani? Je, ni cha aliyekiokota, au cha mwenye ardhi, au cha mwenye duka, au cha yule mwenye nguvu aliyekinyakua mwishoni? Jambo hili liliamuliwa katika mahakama za Uingereza zamani sana, na maamuzi hayo yahusu Kenya pia, kwa kuwa sheria ya mwaka 1967 ihusuyo kazi za mahakama yaziruhusu mahakama za Kenya kufuata sheria ya desturi ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya nchi inavyokubali.

Mwaka 1722 mtoto mmoja maskini wa London, ambaye kazi yake ilikuwa kufagia masizi ndani ya madohani ya nyumba, aliokota pambo lenye vito. Akalipeleka kwa sonara ili ajue ni kitu gani. Mwanagenzi wa sonara alijifanya analipima katika mizani, na huku akaving'oa vito, kisha akamwambia bwana wake kwamba thamani yake ni nusu tatu za peni. Sonara akamtolea mtoto fedha hizo. Mtoto akakataa, akataka kitu chake. Akarudishiwa kitako cha pambo kikiwa kitupu.

Mtu angedhani kwamba mtoto yule hakuwa na neno la kusema, kwa kuwa hata yeye hakulinunua pambo lile. Sonara naye aliitegemea hoja hiyo. Lakini mahakama ilisema kwamba aliyeokota kitu, ingawa hakuwa mwenyewe hasa, ana haki ya kukishika mbele ya kila mtu isipokuwa mwenyewe. Na kwa kuwa sonara hakutaka kuvileta vito, jopo la mahakama likaambiwa lihesabu kana kwamba vilikuwa vito bora kabisa viwezavyo kuingia katika kitako kile, naye alipe kwa kiasi hicho. Hila ya mizani ikamgharimu kuliko uaminifu ambavyo ungemgharimu.

Kesi ya pili ni ya mwaka 1851. Mtu mmoja aliyekuwa akizunguka na kazi ya biashara aliingia dukani, akaona sakafuni furushi dogo. Ndani mlikuwa na noti za benki. Hakuondoka nazo. Alimpa mwenye duka azitunze mpaka mwenyewe atokee, na tangazo likatiwa katika magazeti. Miaka 3 ikapita, hakutokea mtu. Yule aliyeziokota aliporudi kuziomba, mwenye duka alikataa, akidai kwamba kilicho sakafuni mwake ni chake. Mahakama ikampa aliyeziokota, kwa sababu noti zile ziliangushwa mahali palipo wazi kwa wateja, na mwenye duka hakuwa akijua habari zake hata zilipookotwa. Mambo yangekuwa mengine kama fedha zingekutwa katika chumba cha ndani, au chini ya meza ya mwenye duka, au kama mwenye kuziokota angekuwa ameingia kwa wizi.

Jambo la kuangalia katika kesi hizo mbili ni lile walilolitenda waliookota. Mtoto hakukificha kitu. Mtu wa dukani alikitoa, akatangaza, akangoja. Uwazi wao ndio uliokuwa ushahidi wao.

Dini na desturi

Waislamu wa pwani wamekuwa na sheria kamili ya kiokotwa kwa karne nyingi. Kwa Kiarabu huitwa lukata. Mtume Muhammad aliulizwa habari zake, akafundisha kwamba mwenye kuokota akitambue chombo cha kitu kile na kamba iliyokifungia, kisha akitangaze mwaka mzima. Asipotokea mtu, aweza kukitumia, lakini mwenyewe akija baadaye arudishiwe. Hekima ya kutambua kamba ni dhahiri. Mdai wa kweli atajua fundo alilolifunga, na mwongo hatajua. Hata leo mwenye kuokota mkoba hufanya vema kutangaza kwamba ameokota mkoba, bila kutaja rangi yake wala kilichomo.

Lakini wanachuoni hawakusema kwamba shilingi moja itangazwe mwaka mzima. Kwa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo pwani hii, kitu hafifu hutangazwa kwa muda tu ambao mwenyewe angedhaniwa kuendelea kukitafuta, baadaye hakuna lawama. Imepokewa kwamba Mtume mwenyewe aliiona tende njiani, na kilichomzuia kuila kilikuwa hofu kwamba huenda ni ya sadaka, ambayo kwake yeye haikuwa halali. Mahujaji nao wajue kwamba kiokotwa cha Makka kina hukumu yake peke yake: hakiokotwi ila na mwenye nia ya kukitangaza.

Wakristo nao wasomapo Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, hukuta amri kwamba mtu asijifanye hakuona ng'ombe, kondoo wala vazi la ndugu yake lililopotea, bali amrudishie. Amri hiyo haimgusi yule aokotaye tu. Yamgusa hasa yule apitaye huku amegeuza uso.

Kuna fedha nyingine ambazo watu huziogopa kwa sababu tofauti kabisa. Mara nyingine katika njia panda huonekana chungu, nazi, kitambaa na sarafu chache, vimewekwa alfajiri kabla ya watu kuamka. Hiyo ni kafara, na wengi huamini kwamba mwenye kuigusa hujitwalia maradhi yaliyotolewa kwa mgonjwa. Hapa si mahali pa kubishana juu ya imani hiyo. Lakini hata asiyeiamini hana sababu ya kuziokota fedha zile, kwa kuwa hazikupotea. Ziliwekwa, na kilichowekwa si sawasawa na kilichoanguka. Ndivyo ilivyo pia katika mji wa Rome, ambako wageni hutupa sarafu ndani ya maji ya chemchemi iitwayo Trevi ili warudi tena katika mji ule. Fedha hizo hukusanywa na kupewa Caritas, chama cha Wakatoliki cha kusaidia maskini, na zimefika zaidi ya euro milioni 1 kwa mwaka. Mwenye kuzivua humo kwa siri hawezi kusema ameokota.

Kitita cha mtego

Wenye hila wameijua tamaa ya kuokota tangu zamani. Katika miji mikubwa, hasa karibu na stesheni za mabasi, mtu mmoja hutangulia na kuangusha kitita kilichofungwa kwa mpira. Juu pana noti ya kweli. Ndani ni karatasi tupu. Mtu wa pili, aliye kando ya mgeni, hukiona wakati ule ule na kumnong'oneza kwamba Mungu amewapa, wakae mahali wakigawane. Mara yule wa kwanza hurudi analia, akataka kuwapekua. Mwenzake humshauri mgeni amkabidhi fedha na simu zake zitunzwe pamoja na kitita mpaka mambo yatulie, au aingie kichochoroni ahesabiwe sehemu yake. Wakiachana, mgeni hubaki na karatasi. Wengi walioliwa hivyo hawakwenda polisi, maana ingewapasa kueleza kwamba walikuwa tayari kugawana mali ya mtu aliyekuwa akilia mbele yao. Hila hii husimama juu ya aibu hiyo.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha huanguka pia ndani ya simu. Mtu akikosea tarakimu moja, mshahara wake huingia kwa mgeni asiyemjua. Fedha hizo haziwezi kuitwa kiokotwa kisicho na mwenyewe, kwa kuwa jina la aliyezituma lilikuja pamoja nazo. Sheria ya mwaka 2018 ya kuzuia makosa ya kompyuta yasema wazi kwamba mwenye kuzuia kwa nia mbaya malipo yaliyomfikia kwa makosa ana hatia, naye aweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000 au kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili.

Walakini haraka ya kurudisha nayo ina hatari yake. Kuna wezi watumao ujumbe ulioandikwa kwa mfano wa ujumbe wa M-Pesa, kisha wakapiga simu kwa sauti ya huzuni wakiomba warudishiwe fedha zilizopotea njia, hali hakuna kilichoingia. Mwenye kuombwa na atazame kwanza salio lake mwenyewe. Fedha zikiwa kweli zimeingia, asizitumie, wala asizitume kwa nambari nyingine atakayopewa; amwache aliyekosea aupeleke ujumbe wake kwa nambari 456 ya Safaricom ili malipo yageuzwe na kampuni yenyewe.

Sarafu itokayo ardhini

Imebaki sarafu ya namna nyingine, ile ambayo mwenyewe amekwisha kufa miaka mia tano iliyopita. Mkulima wa pwani anayelima karibu na magofu, au mvuvi aokotaye kitu chenye kutu ufuoni, aweza kushika mkononi kipande cha historia bila kujua. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba wanachuo, akiwamo Profesa Chapurukha Kusimba, wamechimbua katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Nayo ilikuwa na tundu katikati, la mraba.

Habari ya ajabu zaidi ni ya sarafu za Kilwa. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa akilinda visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Siku moja alipokuwa akivua samaki aliona sarafu 9 katika mchanga. Hazikuwa na thamani yoyote kwake. Akazitia koponi, zikakaa humo zaidi ya miaka 30. Mwaka 1979 akazipeleka zichunguzwe. Nne zilikuwa za kampuni ya Wadachi iliyofanya biashara katika bara Hindi. Tano zilikuwa za masultani wa Kilwa, mji wa Waswahili ulio katika pwani ya Tanzania, ng'ambo ya bahari yote ya Hindi. Kilichowafaa wataalamu kuliko sarafu zenyewe ni kwamba Isenberg alikuwa ameitia alama ramani yake kuonyesha mahali alipoziokota, na mwaka 2013 wasafiri wa elimu walikwenda huko kwa kuifuata alama ile.

Kwa mtu wa Kenya mambo haya yana sheria yake, iliyotungwa mwaka 2006 kwa ajili ya makumbusho na urithi wa taifa. Kitu cha kale kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 kimo katika ulinzi wa sheria hiyo, na mwenye kugundua kitu cha namna hiyo ardhini yampasa kutoa habari kwa Makumbusho ya Taifa katika siku 7, akieleza mahali hasa alipokiona. Asikisugue kwa mchanga wala kwa ndimu ili king'ae, maana maandishi ya sarafu ya kale huondoka pamoja na kutu. Na kabla hajatoka mahali pale, aweke jiwe au mambo mbili tatu ardhini, apate kupatambua siku atakaporudi na watu wa Makumbusho.